Sukari ya mimba: rudi upimwe wiki ya sita

Mama aliyepata kisukari akiwa mjamzito, sukari yake mara nyingi hushuka mara tu anapojifungua. Dawa zinasimamishwa, ndugu wanakuja kumwona mtoto, na habari ya sukari inasahaulika. Lakini uwezekano wake wa kupata kisukari cha kudumu unabaki mkubwa, mara 7 hadi 10 ya ule wa mama ambaye sukari yake haikupanda.

Kisangani, siku ambayo akina mama wanaijua ni ile ya chanjo ya wiki 6. Basi funga kipimo chako cha sukari kwenye wiki hiyohiyo. Kabla ya kutoka materinite, mwombe muuguzi akiandike kwenye karte ya mtoto. Karatasi ya pembeni hupotea. Karte ya mtoto hutunzwa.

Tafuta maabara mapema, uulize kama wanafanya kipimo cha maji ya glukosi na bei yake. Usile kitu tangu saa nne usiku; maji matupu unaruhusiwa. Anayetoka Lubunga avuke mto alfajiri. Watakutoa damu, utakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji, kisha utakaa saa mbili bila kula wala kutembeatembea, ndipo watoe damu tena. Nenda na mtu wa kukushikia mtoto. Kunyonyesha wakati unangoja hakuna shida.

Soma majibu pamoja na daktari. Kabla ya kula, 126 mg/dl au zaidi, au 200 na zaidi baada ya saa mbili, ni kisukari, na kwa kawaida kipimo hurudiwa kuhakikisha. Kati ya 110 na 125, au 140 na 199 baada ya glukosi, uko njiani kuelekea huko na bado inawezekana kurudi. Hata majibu yakiwa mazuri, pima tena kila mwaka. Usiache ipite miaka mitatu.

Ukiambiwa upime HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari) peke yake, uliza. Damu iliyopotea wakati wa kuzaa, malaria na ugonjwa wa selimundu vinaweza kuipotosha, na kwetu mambo hayo ni ya kila siku.

Chakula chetu hakina ubaya. Punguza lituma, fufu na chikwange, ongeza pondu na samaki, halafu acha sukre na chai yenye sukari nyingi. Vinywaji hivyo ndivyo ningeanza navyo. Nyonyesha, kunasaidia. Safari fupi uliyozoea kupanda toleka, ifanye kwa miguu, dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki.

Ukitaka mimba nyingine, pima sukari kwanza. Ukiwa umeshashika, sema siku ya kwanza ya CPN (kliniki ya wajawazito) kwamba uliwahi kuwa na sukari, upimwe palepale. Usingoje mwezi wa sita.