Mafunzo Niliyopata Tukiyarudisha Malisho ya Garissa

Nimefanya kazi na vikundi vya wafugaji kando ya Mto Tana na kuelekea Dadaab, kwenye ardhi iliyobaki vumbi na vichaka. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Si kila mti ni neema

Mti wa kigeni uitwao mathenge uliletwa kwa nia njema. Miaka ya 1980 ulipandwa Bura na Baringo ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Leo umeziba njia za mifugo kwenda mtoni na umemeza malisho. Mbuzi hupenda maganda yake matamu, lakini huwaharibia meno, na mbegu hutoka na mavi zikiwa tayari kuota. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani kama ushahidi.

Ukiukata juujuu, kisiki huchipua kichaka kinene kuliko cha kwanza. Lazima uchimbe, ukate mzizi chini ya ardhi, kisha usie nyasi pale pale kabla mvua hazijaanza. Maganda nayo yasagwe: mbegu hufa, na unga wake ni chakula kizuri cha mifugo wakati wa kiangazi.

2. Nyasi ni uhai

Mtazame hirola, swala ambaye makazi yake ya asili ni huku mpakani mwa Kenya na Somalia. Hawafiki hata mia tano porini. Anaishi kwa nyasi, na vichaka vilipotanda kwenye mbuga, naye alipungua. Wanaomhifadhi hapa Garissa hung'oa vichaka na kupanda nyasi. Ng'ombe wa jirani hunufaika vilevile.

3. Uzio wa kweli ni mapatano

Uzio wa miiba huzuia mbuzi kwa msimu mmoja. Ukame ulioanza mwaka 2020, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, ulileta mifugo kutoka mbali. Sehemu ya malisho iliyotengwa ili nyasi ziote hubaki salama pale tu wazee wa koo jirani wanapokubaliana mapema ifunguliwe lini na nani aingie kwanza. Ndiyo maana naithamini Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016: jamii iliyosajili ardhi yake ina msingi wa kuyatetea mapatano hayo.

4. Msitu ulete pesa nyumbani

Mama anayeuza utomvu uitwao hagar na gundi ya mgunga ana sababu ya kumzuia mchoma makaa. Akipunjwa na mlanguzi, sababu hiyo hupotea. Mizani ya kikundi na bei ya pamoja vimesaidia kuliko semina zote nilizohudhuria.

Wewe mwenye fedha za mradi, njoo kabla ya mvua za Gu, yaani masika. Kaa na wafugaji, waulize nyasi zipi zilikuwepo walipokuwa watoto, na uanze kwa kutafuta mbegu zake. Miche itafuata.