Kuchora Maumivu Bila Kuyakimbia: Mwongozo wa Tiba ya Sanaa na Kukubali

Wengi wetu tumelelewa kupambana na huzuni: jikaze, sahau, usilie. Lakini anayetumia nguvu zake zote kuizuia huzuni ni kama mtu aliyeegemeza mgongo mlangoni ili mgeni asiingie: mgeni yuko nje, lakini mwenye nyumba naye hajaenda shambani. Zipo njia mbili za tiba ambazo zikiunganishwa humsaidia mtu kuacha kuzuia na kurudi kwenye shughuli za maisha yake.

Njia hizi zilikotoka

Ya kwanza ni tiba ya sanaa. Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza Adrian Hill, akiwa amelazwa kwa kifua kikuu huko Midhurst, alijiliwaza kwa kuchora, kisha akawavuta wagonjwa wenzake wachore pia. Leo hii ni taaluma yenye mafunzo rasmi, na uzuri wa mchoro si hoja.

Ya pili ni tiba ya kukubali na kutenda, iliyoanza kujengwa na mwanasaikolojia Mmarekani Steven Hayes katika miaka ya 1980. Inafundisha kwamba maumivu ni sehemu ya maisha, na mara nyingi yanayotuchosha zaidi ni mahangaiko ya kuyakwepa. Kukubali huku si kuridhia dhuluma. Anayepigwa nyumbani anahitaji usalama na msaada, wala asiambiwe avumilie. Kinachokubaliwa ni hisia iliyomo moyoni, ili mtu apate nafasi ya kuchagua la kufanya.

Zinavyosaidiana

Wazo likiwa kichwani humzonga mtu hata akaliona ndilo ukweli wote. Likishachorwa, linakuwa mbele yake: anaweza kulitazama, kuligeuza na kuliweka kando kwa muda. Hii huwafaa hasa watoto na wote ambao yaliyowapata hayasemeki kwa urahisi.

Uganda inatupa funzo la karibu. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, karibu wanawake 700 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti wa programu ya Shirika la Afya Duniani iitwayo Self-Help Plus, iliyojengwa juu ya tiba ya kukubali na kutenda. Waliopewa programu hiyo walikutana kwa vikundi mara tano, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa na kutumia kitabu cha michoro. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakuipata. Programu hiyo si tiba ya sanaa, lakini imeonyesha kwamba stadi za kukubali hisia zinaweza kufundishwa kwa sauti na picha, hata kwa asiyejua kusoma.

Zoezi la nyumbani

Tafuta karatasi na penseli, au kipande cha boksi na mkaa. Tenga nusu saa mahali tulivu. Anza na jambo la uzito wa wastani, kwa mfano hofu ya mtihani au ugomvi na ndugu. Usianze na jeraha kubwa kuliko yote.

1. Tulia. Kanyaga chini kwa miguu yote miwili, vuta pumzi taratibu, sikiliza sauti zilizo karibu nawe.
2. Ichore hisia. Chora umbo la mwili, kisha upake rangi pale unapoisikia: kifuani, shingoni, tumboni.
3. Andika wazo linaloambatana nayo. Badala ya "Mimi si kitu", andika "Nina wazo kwamba mimi si kitu".
4. Ipanulie hisia nafasi. Usiifute. Kuizunguka, chora mengine yaliyomo maishani mwako: watoto, ibada, rafiki, bustani.
5. Chagua hatua. Katika hayo unayoyathamini, teua moja, uandike tendo dogo la leo: kumpigia mama simu au kumwagilia mchicha.

Mambo ya kuzingatia

Usimlazimishe mtu kuchora, wala usimfasirie mchoro wake. Mwambie mtoto, "Hebu nisimulie kuhusu mchoro wako," kisha umsikilize. Mchoro huo ni siri yake, usiurushe kwenye kundi la WhatsApp. Kumbukumbu za kutisha zikikuvamia, acha kuchora, taja vitu vitano unavyoviona, umtafute mtu unayemwamini.

Zoezi hili halichukui nafasi ya daktari, na dawa ulizoandikiwa usiziache. Nenda kituo cha afya kama huzuni imezidi wiki mbili, usingizi umepotea au unasikia sauti wasizozisikia wengine. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake; ondoeni sumu za shambani na kamba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Hospitali kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala zina wataalamu wa afya ya akili.

Wataalamu wa tiba ya sanaa bado ni wachache kwetu, kwa hiyo muulize mshauri nasaha amesomea nini kabla hujaanza naye. Ukienda kumwona, chukua michoro yako. Itakusaidia kueleza yale ambayo mdomo unashindwa kuyasema, naye atajua pa kuanzia.