Usaili wa kazi za umma: Maarifa ya jumla huanzia kitongojini



Kila linapotoka tangazo la ajira serikalini, vijana wetu wa huku Usangi, katika milima ya Upare ya Kaskazini, huulizana swali moja: "Nani ana maswali?" Wanakusudia maswali ya usaili uliopita. Hapo huanza pilikapilika ya kutafuta vijitabu vya maswali na majibu, kuingia katika makundi ya simu yanayouza "mtihani wenyewe", na kukesha usiku mmoja kukariri majina ya mawaziri na makao makuu ya mikoa. Kisha kijana hukopa nauli, hushuka mlimani, husafiri hadi kituo cha usaili, na hurudi akisema: "Kazi ni za kujuana."

Sisemi kujuana hakupo katika nchi hii. Lakini tuseme ukweli, wapo wengi wanaoangushwa na kutojua kabla hata ya kufika mahali ambapo kujuana kungewadhuru. Katika makala hii nakusudia kueleza maarifa ya jumla ni kitu gani, na namna gani kijana wa kijijini anaweza kuyapata bila kununua kijitabu cha mtu.

Hesabu yenyewe

Kwanza tutazame ukubwa wa jambo. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70, wakafika zaidi ya 10,000, ikabidi wakae katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596, yalipokelewa maombi 135,027. Ukigawanya, nafasi moja inagombewa na watu wapatao 85.

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo msingi wake ni Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, huwachuja waombaji kwa hatua. Upo usaili wa kuandika, ambao ndio mchujo. Upo wa vitendo kwa baadhi ya kada. Na yapo mahojiano ya ana kwa ana. Ikiwa watu 85 wanagombea nafasi moja na wengi wao wana shahada kama yako, shahada haikutofautishi tena na mwenzako. Kinachokutofautisha ni unavyoielewa kazi unayoiomba na nchi utakayoitumikia.

Wenzetu wa India

Nchi inayosifika kwa mtihani wa utumishi wa umma ni India. Kila mwaka hujiandikisha watu wapatao milioni moja kwa nafasi ambazo kwa kawaida huzunguka elfu moja. Hatua ni tatu: mtihani wa awali wa kuchagua jibu, mtihani mkuu wa kuandika kwa maelezo, kisha mahojiano. Katika ule wa awali, jibu lisilo sahihi humkata mtahiniwa theluthi moja ya alama za swali hilo, kwa hiyo anayebahatisha hujiadhibu mwenyewe. Mtihani mkuu una karatasi nne za maarifa ya jumla: historia na jiografia; katiba na utawala; uchumi, mazingira na sayansi; na ya nne, iliyoongezwa mwaka 2013, ni ya maadili.

Mtihani huo una historia ndefu. Waingereza walianza kuwapata watumishi wa India kwa mtihani wa ushindani mwaka 1855, ukifanyika London, maelfu ya maili kutoka kwa Wahindi wenyewe. Hata hivyo, mwaka 1863 Satyendranath Tagore akawa Mhindi wa kwanza kuufaulu. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1922 ndipo mtihani ukaanza kufanyika pia ndani ya India.

Lakini jambo ninalotaka vijana wetu walishike ni hili. Kabla ya mahojiano, mtahiniwa wa India hujaza fomu ndefu inayoonyesha alikozaliwa na wilaya yake, na jopo humuuliza kuhusu huko kwao: mto wa kwenu unaitwaje, kwa nini wakulima wenu wanalalamika, nani mtu mashuhuri wa wilaya yenu. Mantiki yake ni rahisi. Asiyejua shida ya watu aliokua nao, atawezaje kuijua shida ya watu wa wilaya atakayopelekwa?

Anza pale ulipo

Kwa hiyo, mdogo wangu, usianzie kwenye orodha ya miji mikuu ya dunia. Anzia kitongojini kwenu, halafu panda. Nitatoa mifano minne ya hapa kwetu, nawe msomaji wa mahali pengine uifanye kwa mahali pako.

Mfano wa kwanza ni maji. Mashariki ya milima yetu lipo Ziwa Jipe, ambalo nusu yake ni ya Kenya. Kutoka ziwa hilo hutiririka Mto Ruvu, na hapa uangalie, si ule Ruvu wa mkoani Pwani. Ruvu wetu hukutana na Mto Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, magharibi ya milima yetu, na kutoka hapo hushuka Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Nyumba ya Mungu lina mtambo wa umeme wa megawati 8, na chini zaidi ipo mitambo ya Hale, megawati 21, na Pangani, megawati 68. Sasa linganisha na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, megawati 2,115. Ukianza na ziwa moja, umejifunza jiografia, nishati na mipaka. Akikuuliza msaili kwa nini hifadhi ya misitu ya milimani ni suala la taifa, hutahitaji kukariri. Utamweleza kuwa milima ya Upare ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, na kwamba msitu kama wa Kindoroko ukiisha, wa kwanza kuona mfereji umekauka ni mkulima wa mlimani.

Mfano wa pili ni kodi. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwawekea Wapare kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa kadiri ya mali yake, juu ya kodi ya kawaida. Watu kwa maelfu wakakusanyika Same kupinga, wanawake wa Usangi wakasimama pamoja na waume zao, na hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye naye alikuwa Mpare, aliandika kitabu juu ya jambo hilo. Kijana wa Usangi anayeomba kazi TRA akaulizwa kwa nini watu hukwepa kodi, ana jibu ambalo halimo katika kijitabu chochote. Babu zetu hawakukataa kila kodi. Walikataa kukadiriwa bila kushauriwa na bila kuelewa kipimo. Baada ya jibu hilo, kusema kuwa TRA ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996 kunakuwa nyongeza tu.

Mfano wa tatu ni uongozi. Swali linalopendwa ni: nani alikuwa Waziri Mkuu mara mbili? Aliyekariri jina moja hulijibu haraka bila kulikamilisha. Cleopa Msuya, mzaliwa wa hapa Usangi, alishika nafasi hiyo mwaka 1980 hadi 1983, na tena 1994 hadi 1995. Lakini Edward Sokoine naye aliishika mara mbili, 1977 hadi 1980, na 1983 hadi 1984. Ukitazama miaka utaona kuwa Msuya alimpokea Sokoine, kisha Sokoine akampokea Msuya. Tena Mzee Msuya, aliyefariki Mei 2025 na kuzikwa hapa Usangi, alikuwa mtumishi wa umma kabla ya kuwa mwanasiasa. Alikuwa Katibu Mkuu wa wizara tangu 1964, kisha akateuliwa Waziri wa Fedha mwaka 1972. Hapo unajifunza pia tofauti ya Waziri na Katibu Mkuu: mmoja ni kiongozi wa kisiasa, mwingine ndiye mtendaji mkuu wa wizara.

Mfano wa nne ni ofisi unazopita kila siku, na hapa ndipo wengi huteleza. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wananchi. Mtendaji wa Kijiji ni mwajiriwa. Diwani huchaguliwa, Mtendaji wa Kata ni mwajiriwa. Afisa Tarafa si mtu wa halmashauri, bali ni wa Serikali Kuu, chini ya Mkuu wa Wilaya. Mwenyekiti wa Halmashauri huchaguliwa na madiwani wenzake; Mkurugenzi Mtendaji huteuliwa na Rais. Msingi wa serikali za mitaa umo katika Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 145 na 146. Kijana aliyewahi kufuatilia barua ya utambulisho kutoka kijijini hadi wilayani tayari ameutembea mfumo huo kwa miguu. Kilichobaki ni kuujua kwa majina yake.

Elimu inayobadilika

Tatizo kubwa la kijitabu ni kwamba hakijui kuwa dunia imesonga. Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aliyesoma mwaka 2019 anajua hayo. Lakini mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Msaili akiuliza changamoto zake, mwenye kijitabu hana la kusema.

Chukua pia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ile ya kwanza iliundwa 1967 ikavunjika 1977. Mkataba wa hii ya sasa ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukiwa wa nchi tatu. Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake mwaka 2024. Wapo hadi leo wanaoandika kuwa wanachama ni watano. Na upande wa mipango, ipo Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2050, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025. Anayeitaja Dira 2025 peke yake anaonyesha kuwa alifunga daftari zamani.

Karatasi ya maadili

India wameiweka peke yake. Kwetu huja ndani ya maswali mengine. Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma za mwaka 2005 zina misingi minane: kutoa huduma bora, utii kwa serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa.

Isome tena misingi hiyo, ndugu msomaji, kisha ujiulize: mtu aliyenunua mtihani ulioibwa ataingiaje katika kazi ambayo msingi wake mmojawapo ni matumizi sahihi ya taarifa? Amekwisha kuuvunja mlangoni kabla hajaketi kitini. Kazi ya umma ni amana, na amana haipokelewi kwa khiyana. Mshahara utakaopatikana kwa njia hiyo utawalisha watoto kwa miaka thelathini, na kila mwezi utabeba swali lile lile.

Wapo wanaosema kuwa Muislamu hapaswi kujitafutia cheo. Ni kweli makatazo ya kukimbilia uongozi yapo. Lakini turejee Surat Yusuf, aya ya 55. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipoomba kukabidhiwa hazina za nchi, hakutaja ukoo wala uzuri wa sura yake. Alitaja sifa mbili: kwamba ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye kujua. Kuhifadhi ndiyo amana, na kujua ndiyo haya maarifa tunayoyazungumza. Sifa moja ikikosekana, hazina huharibika. Mwaminifu asiyejua huipoteza, na mjuzi asiye mwaminifu huiiba.

Ratiba ya kufuata

Wazee wetu wa Upare walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe mfereji shambani. Kijito chenyewe ni chembamba, hakitoshi kumwagilia hata tuta moja kwa wakati mmoja. Elimu hii nayo hukusanywa kidogo kidogo, miezi mingi kabla ya tangazo.

Saa moja kila siku baada ya Alfajiri inatosha. Jumatatu na Jumanne soma Katiba, ibara chache tu, na uandike kwa maneno yako. Jumatano soma Sheria ya Utumishi wa Umma na Kanuni zake. Alhamisi soma jambo moja la wilaya yako, na kama halijaandikwa, muulize mzee au Mtendaji. Ijumaa pitia habari za wiki ulizosikia redioni na kusoma magazetini. Jumamosi kutaneni vijana watano au sita, muulizane kwa mdomo, kwani anayejua kimoyomoyo hukwama mbele ya jopo. Mwezi Juni fuatilieni bajeti ya Serikali, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Na kila jambo uliulize maswali manne: ni nini, lilianza lini, kwa nini, na mimi nikiwa mtumishi litanihusu vipi?

Misikiti yetu ina nafasi baada ya darsa, na walimu waliostaafu tunao wengi. Hakuna gharama hapa isipokuwa daftari na subira. Na hata asiyeitwa kazini atakuwa amepata faida: ataingia mkutano wa kijiji akijua haki yake, na hatadanganywa na anayesoma taarifa ya mapato na matumizi.

Wabillahi tawfiq.