Maziwa yameganda ku alkoli: yamechacha, ao ngombe iko na njaa?



Mu kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, majani yakisha kauka ku milima ya Masisi, jambo hili linarudi kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Mwanamemba anafika asubuhi mapema, maziwa yangali na joto. Mwenye kupima anachanganya kiasi kidogo na alkoli, sawa kwa sawa, na yanaganda. Anaambiwa: yamechacha, rudisha. Wenzake wanaanza kusema haoshi bido. Kumbe bido iko safi, na ngombe ndiyo iko na njaa.

Alkoli inapima kama proteini ya maziwa iko na nguvu ya kukaa bila kuganda. Asidi ikipanda, nguvu ile inapotea. Lakini ngombe ikikosa chakula cha kutosha siku nyingi, nguvu inapotea vilevile, hata kama asidi haijapanda. Na proteini yenyewe inapunguka. Watu wa fromaji wanaliona mbele ya wengine: kilo 1 inaomba karibu litri 10, lakini maziwa ya ngombe yenye njaa yanaomba zaidi.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Chemsha maziwa kidogo mu sufuria ndogo. Yakiganda ku moto, yamechacha kweli ao ni ya ngombe iliyozaa juzi. Yasipoganda, angalia kiwele kama hakina ugonjwa, uliza kama ngombe iko karibu kukauka maziwa, kisha uliza imekula nini.

Hapo ndipo tunajidanganya. Ngombe ya kilo 400 inaomba kilo 40 mpaka 50 za majani mabichi kwa siku. Wengi tunatupa mafungu mawili jioni na kusema imeshiba. Peleka fungu moja ku mizani, utashangaa. Tena majani ya tembo yakipita urefu wa mtu, ngombe inabakiza vijiti. Yakate yakifika kifuani ao chini yake. Ongeza majani ya viazi vitamu na maganda ya maharagi. Maji pia: ngombe ya maziwa inakunywa litri makumi kila siku, na yenye kiu haikule vizuri.

Wengine wanafikiri pumba itamaliza shida yote. Pumba inasaidia proteini, ndiyo, lakini mafuta ya maziwa yanatoka sana ku majani yenye nyuzi. Ukijaza pumba na kupunguza majani, mafuta yanashuka, na tumbo la ngombe linaharibika. Anza na kidogo asubuhi na jioni, uongeze polepole mu majuma mawili.

Tunaomba kamiti za vituo: sufuria ndogo na makala vikae karibu na chupa ya alkoli, na mtu asirudishwe nyumbani mbele ya maziwa yake kuchemshwa.