Ugonjwa wa Madoa ya Sarafu katika Majani ya Viwanja vya Gofu

Mkulima huyaacha mazao yake yakue. Bali wewe, mtunzaji wa uwanja wa gofu, waamriwa kuyakata majani yako kila siku mpaka yabaki na urefu wa milimita 3 au 5 tu, kisha yakanyagwe na watu wengi. Jani la namna hii lina nguvu kidogo, na kila mkato ni jeraha. Kiwanja cha shimo kikiisha kuharibika, huchukua majuma mengi kupona, na lawama huwa juu yako. Kwa hiyo yafaa ujue namna ya kuukinga ugonjwa kabla haujaingia.

Ugonjwa tunaoueleza hapa huletwa na ukungu. Mwaka 1937 mtaalamu F. T. Bennett aliupa ukungu huo jina la Sclerotinia homoeocarpa. Mwaka 2018 wataalamu waliutia katika jamii mpya iitwayo Clarireedia.

DALILI ZAKE

Utaona madoa ya duara yenye rangi ya majani makavu, upana wake sentimita 2 mpaka 5, kadiri ya dola ya fedha ya Marekani. Ndiko jina lilikotoka. Yasipozuiwa huungana na kuwa kovu kubwa. Ng'oa jani moja ulitazame: lina alama nyeupe iliyolikatisha, na kingo zake zina rangi ya hudhurungi. Asubuhi na mapema, umande ukiwapo, utaona pia nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Jua likipanda nyuzi hizo hutoweka. Basi ajaye saa nne hataziona.

Angalia sana usiuchanganye na ugonjwa wa duara la kahawia. Huo hufanya duara kubwa, pengine hata futi 3, na pembeni mwake huwa na ukanda mweusi kama moshi. Kosa hili lina hasara, kwa maana mbolea iponyayo ugonjwa wa sarafu huuchochea ule wa pili.

SABABU ZAKE

Ukungu huu hustawi majani yanapokaa na maji kwa saa 10 au zaidi, katika joto la kadiri, yaani digrii 15 mpaka 30 za Selsiasi. Matone uyaonayo asubuhi si umande mtupu. Mengine hutoka ndani ya jani lenyewe, nayo yana sukari iulishayo ukungu. Tena huyashambulia zaidi majani yenye njaa ya naitrojeni, na yaliyoota katika udongo mkavu. Hauenei sana kwa upepo, bali huchukuliwa na vipande vya majani vilivyonata katika visu vya mashine, magurudumu na viatu.

NAMNA YA KUUKINGA

1. Kila asubuhi ondoa umande. Pitisha mti mrefu wa mwanzi au mpira wa maji juu ya kiwanja, au kata majani mapema.

2. Usinyweshe maji jioni. Nywesha alfajiri, tena maji mengi yafikayo mizizini, si kidogo kidogo kila siku.

3. Tia mbolea ya naitrojeni kidogo kidogo na mara kwa mara, majani yasione njaa wala yasishibe kupita kiasi.

4. Noa visu. Kisu butu huchana jani, na jeraha la kuchanika hukawia kupona.

5. Kusanya majani yaliyokatwa katika kiwanja chenye ugonjwa, ukikate hicho mwisho, kisha osha mashine.

6. Punguza matawi ya miti izuiayo upepo na jua la asubuhi.

7. Toboa udongo kwa uma na kutandaza mchanga, ili tabaka la mashina yaliyokufa lisizidi.

HABARI YA DAWA

Zamani, tangu miaka ya 1920, viwanja vilitiwa dawa za zebaki. Ziliua ukungu kweli, lakini zebaki haiozi. Hukaa udongoni na kufuata maji. Kwa ajili hiyo zimekatazwa katika nchi nyingi. Dawa za siku hizi ni nyingine, lakini nazo zina hatari: tangu miaka ya 1970 imeonekana kwamba ukungu huu huzizoea baadhi yake, hata zisiufanye neno. Ikikulazimu kutumia dawa, soma maandishi ya chupa, vaa mavazi ya kujikinga, usirudie aina moja kila mara, wala usiitie mvua ikikaribia. Kumbuka kwamba mtaro wa uwanja wako hushuka mtoni, na huko chini wako watu watekao maji.

Mwanzi wa kuondolea umande hauna gharama kubwa, wala haumdhuru mtu. Anza nao kesho alfajiri, kabla hujaliona doa la kwanza. Maana usipoziba ufa, utajenga ukuta.