SOMO LA MWEZI: TUJENGE NAYE, TUSIMJENGEE TU

Masomo: Nehemia sura ya 3 na ya 5, Kumbukumbu la Torati 24:10-13



Mwezi huu tumeona vema tujifunze jambo ambalo mikono yetu ililianza kabla hatujalifikiri sawasawa, nalo ni kazi ya kujitolea kuwajengea nyumba jirani zetu wenye kipato kidogo. Kiangazi kimeingia, maharage yamevunwa, kahawa inachumwa, na hapa Litembo watu wameanza kuulizana, "Mwaka huu tumjengee nani?" Kabla hatujajibu, yafaa tusimulie habari yetu wenyewe, ingawa si ya kutusifu.

1. TULIPOKOSEA

Kiangazi kimoja kilichopita tulimjengea mama mmoja mjane. Nyumba yake ya zamani ilikuwa ya fito na udongo, imesimama kwenye mteremko, na mvua za masika zikaangusha ukuta wa chumba walimokuwa wakilala watoto. Kwa neema ya Mungu saa ile walikuwa jikoni. Habari hiyo ilitugusa sana. Vijana wakafyatua matofali, Umoja wa Mama wakasomba maji na mchanga, mafundi wawili wakakubali kufanya kazi bila ujira, na michango ya Jumapili ikanunua bati. Jumamosi tisa zikatosha. Nyumba ikabarikiwa, tukaimba, tukarudi makwetu tumefurahi.

Kabla ya mwaka kuisha yule mama alikuwa amepanga chumba kwa watu. Ndugu za marehemu mumewe walisema kiwanja ni cha ukoo wao, na kilichojengwa juu yake ni cha ukoo pia. Hapakuwa na karatasi hata moja ya kuwajibu. Tulipomwendea na kumwuliza kwa nini hakutuambia jambo hilo mapema, alitujibu kwa upole, "Hamkuniuliza. Mlikuja na matofali."

Ndugu zetu, neno hilo ndilo somo la leo. Tulikuwa na huruma, na huruma ni njema. Lakini tulimfanya mwenye nyumba kuwa mgeni katika ujenzi wa nyumba yake.

2. NEHEMIA NA WAJENZI WAKE

Tusome Nehemia sura ya 3 polepole, maana wengi tumezoea kuiruka kwa sababu ya wingi wa majina. Hapo tunaona orodha ya watu waliojenga ukuta wa Yerusalemu. Wamo makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato na wafanya biashara. Katika mstari wa 12 yumo Shalumu pamoja na binti zake. Katika mstari wa 5 imeandikwa pia aibu ya wakuu wa Tekoa, ambao hawakutaka kushiriki. Tena angalieni mistari ya 10, 23, 28, 29 na 30. Mara nyingi mtu alipewa sehemu inayoelekea nyumba yake mwenyewe, au hata chumba chake. Nehemia alijua kwamba mtu hulinda kwa bidii kazi iliyo mbele ya mlango wake.

Sasa twende sura ya 5. Ukuta haujaisha, na tayari kuna kilio. Maskini wameweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka wakati wa njaa, na wanaowadai ni ndugu zao Wayahudi wanaojenga nao. Nehemia alikasirika, akaitisha mkutano mkubwa, akataka riba iachwe na mashamba na nyumba zirudishwe. Wala hakujificha, katika mstari wa 10 anakiri kwamba yeye na watumishi wake nao walikuwa wakikopesha fedha na nafaka. Ukuta ulikwisha kwa siku 52, kama tunavyosoma katika 6:15, lakini ilibidi kwanza shauri la nyumba na madeni litengenezwe.

Twajifunza nini? Kwamba kupanga matofali ni sehemu tu ya kazi. Haki juu ya kiwanja na deni ni sehemu ya ujenzi vilevile.

3. MIFANO YA KARIBU NA YA MBALI

Si lazima tuanzie mbali. Wamatengo wanayo ngokela, yaani kazi ya kusaidiana shambani. Mwenye shamba huwaita jirani, huwaandalia chakula na kinywaji, nao humlimia. Kesho yeye naye huitwa kwao. Katika karne ya 19 watu wengi walikusanyika katika milima hii kwa kuwakimbia Wangoni, ardhi ikawa haba, na kilimo cha ngoro kikawawezesha kuishi wengi mahali padogo pasipo kuharibu udongo. Kazi kama hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja mmoja. Angalieni basi kwamba katika ngokela anayesaidiwa halali ndani wakati wenzake wanalima. Yeye ndiye anayeonyesha mpaka wa shamba, na yeye ndiye anayeshika jembe la kwanza.

Mfano wa pili ni wa hapa mkoani kwetu. Katika mwaka 1960 vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa, upande wa Songea. Baadaye vijiji vingine vikajiunga nao katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, hata vikafika zaidi ya 15. Mwaka 1963 alikuja kukaa nao Mwingereza Ralph Ibbott pamoja na jamaa yake, baada ya kuishi St Faith's, misheni ya Kianglikana huko Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe. Kilichowapa nguvu watu wa Litowa ni kwamba walikutana na kuamua wenyewe kazi gani itangulie na nani aifanye. Chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa viongozi wa TANU mnamo Septemba 1969. Kisha, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu wengi nchini walihamishiwa vijijini kwa amri, na wengi walijenga vibanda vya haraka mahali ambapo hawakupachagua. Wazee wetu wanaokumbuka miaka hiyo wataweza kutueleza tofauti ya nyumba uliyoiamua na nyumba uliyoamriwa.

Mfano wa tatu unatoka Marekani, lakini ulipitia Afrika. Karibu na mji wa Americus, katika jimbo la Georgia, lipo shamba la Wakristo liitwalo Koinonia, lililoanzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan na wenzake. Hapo weusi na weupe walikaa na kufanya kazi pamoja, wakati ambapo jambo hilo liliwaletea chuki kubwa. Jordan na Millard Fuller walitafuta njia ya kuwapatia maskini nyumba pasipo faida wala riba. Kila familia ilitoa jasho lake katika ujenzi, kisha ikarudisha gharama kidogo kidogo katika mfuko mmoja, na mfuko huo ukajenga nyumba nyingine. Mwaka 1973 Fuller na mkewe Linda waliipeleka njia hiyo Mbandaka, katika Zaire ya wakati ule, wakakaa miaka mitatu. Waliporudi kwao mwaka 1976 walianzisha shirika la Habitat for Humanity, na katika miaka ya 1980 kazi hiyo ikafika Kenya, Uganda, Malawi na hapa Tanzania.

Mifano hii mitatu ina jambo moja. Anayesaidiwa hakai pembeni. Anaamua, anafanya kazi, na anachotoa kinamfikia mwingine.

4. MAMBO MANNE YA KUSHIKA

(a) Kiwanja kwanza. Kabla ya kuchimba msingi, twende pamoja na mwenye nyumba kwenye Halmashauri ya Kijiji, mbele ya majirani wa mpakani na wazee wa ukoo, haki yake iandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria. Pale kijiji kilipokwisha kupimwa na kutayarishwa, yafaa kuomba hatimiliki ya kimila, na jina la mke liwemo. Kazi hii haina nyimbo wala picha, lakini ndiyo iliyotushinda mara ya kwanza.

(b) Shauri la mwenyewe. Tumwulize mlango uelekee wapi, jiko likae wapi, na kama anataka vyumba viwili sasa na cha tatu baadaye. Mafundi nao waseme yao. Katika milima yetu kiwanja kichimbwe kiwe sawa, mfereji wa kupitisha maji uchimbwe upande wa juu, msingi uwe wa mawe, na bati litokeze nje ya ukuta ili mvua isipige matofali. Tufikiri pia juu ya kuni. Tanuri la matofali hula miti mingi, na vilima vyetu vingi vimekwisha kuwa vitupu. Kwa hiyo anayechoma tanuri apande miti; na pale udongo unapofaa, tujaribu matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono pamoja na saruji kidogo, bila kuchomwa.

(c) Jasho la wote. Familia ifanye kazi pamoja nasi tangu kusomba mawe hadi kupiga misumari ya bati. Tufanye ujenzi kati ya Juni na Oktoba, kabla ya mvua na kupanda mahindi. Nasi tusijifanye mabwana wa kazi eti kwa sababu tumejitolea. Anayejitolea akichelewa kila Jumamosi, anawachosha wenzake kama kibarua mvivu.

(d) Kurudisha bila riba. Hapa ndipo wengi wetu tunapoguna. Husema, "Maskini tumdai tena?" Tufanye hesabu. Udongo, mawe na nguvu tunavyo. Kinachomshinda maskini zaidi ni bati na saruji. Tuseme, kwa mfano, nyumba ndogo inahitaji bati 30, na familia inarudisha bati 6 kila mwaka kwa miaka 5. Familia tano zikifanya hivyo, kila mwaka zinapatikana bati 30, yaani paa zima la nyumba nyingine, pasipo kuomba mchango kwa mtu yeyote. Tunahesabu kwa bati, wala si kwa shilingi, kwa kuwa bei hupanda. Aliyepokea bati 30 anarudisha bati 30, wala haongezi hata moja. Hivyo riba haimo, na mfuko haupungui. Na wakati wa kurudisha uwe baada ya fedha za kahawa kulipwa, usiwe mwezi wa Februari wakati ghala ni tupu.

Lakini deni hili liwe na moyo wa Kumbukumbu la Torati 24. Hapo anayedai anakatazwa kuingia nyumbani mwa mdeni kuchukua rehani. Yampasa asimame nje angoje. Bei ya kahawa ikianguka, au ugonjwa ukiingia nyumbani, kamati ikae na familia, iongeze muda. Kwa sababu ya bati tulizompa, mtu asilale nje.

5. JE, ASIYEWEZA?

Wako wazee wasio na watoto, wako wagonjwa na vilema, na hatuwezi kuwadai jasho wala bati. Kwa hao tutoe zawadi, na tuseme tangu mwanzo mbele ya wote kwamba ni zawadi, ili pasiwe na manung'uniko. Hata hivyo, bibi asiyeweza kubeba tofali aweza kuchambua maharage ya chakula cha mafundi, au kuwatazama watoto wa akina mama wanaosomba maji. Na asiyeweza hata hilo, bado anajua anataka mlango wake uelekee wapi. Tumwulize.

Yule mama tuliyemtaja mwanzoni tumemwendea tena, tukamwomba radhi. Safari hii hatukwenda na matofali. Tumekwenda naye mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, wazee wa ukoo wameitwa, na mazungumzo yanaendelea. Hatujui yatakwisha lini. Mengine yote kuhusu ujenzi wa mwaka huu tutayapanga yeye akiwa mmoja wa kamati, maana ametufundisha kuliko tulivyomfundisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MITAA

1. Katika mtaa wenu ni nani anayelala katika nyumba ya hatari? Je, mmemwuliza mwenyewe anahitaji nini kwanza?
2. Wakuu wa Tekoa walikataa kushiriki. Sisi tunatumia udhuru gani?
3. Je, kiwanja unachokaa kimeandikwa? Kama ungefariki leo, mkeo na watoto wangebaki ndani ya nyumba?
4. Ni mambo gani ya ngokela yafaayo katika ujenzi wetu, na ni yapi ya kuacha?

SALA

Ee Bwana, Mwanao alijua kazi ya useremala, tena alijua kukosa mahali pa kulaza kichwa. Utufundishe kusikiliza kabla ya kujenga, kudai kwa upole na kutoa bila majivuno. Uwalinde mvua hii inayokuja wote walio katika nyumba dhaifu, na uifanye mikono yetu iwe tayari. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.