Kidonda Kimepona, Tarehe ya Kurudi Ingalipo

Mzazi wa Mponde, kwenye mashamba ya chai ya Usambara, anayempeleka mtoto mchanga kufanyiwa upasuaji katika hospitali ya rufaa ya KCMC, hushuka Soni hadi Mombo, kisha huendelea hadi Moshi. Safari hiyo humgharimu nauli na siku za kazi. Kidonda kikishapona, safari ya pili huonekana hasara. Katika somo hili tunaeleza kwa nini sivyo.

Tuchukue mfano wa teratoma ya kifandugu. Uvimbe huu huota kwenye ncha ya chini ya uti wa mgongo mtoto akiwa bado tumboni, na huwapata zaidi watoto wa kike. Kwa watoto wachanga, mara nyingi si saratani. Hata hivyo, seli zikibaki, uvimbe huweza kuota tena, na unaporudi huweza kuwa saratani. Ndiyo maana daktari huuondoa pamoja na mfupa wa kifandugu. Mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya mwanzo.

Kabla ya kuruhusiwa, uliza:

1. Je, uvimbe umeondolewa wote, pamoja na kifandugu?
2. Kipimo cha kinyama kimeonyesha nini? Omba nakala ya majibu.
3. Tarehe za kurudi ni zipi?

Siku ya kurudi, daktari hukagua kovu na hupima kwa kidole njia ya haja kubwa, kwa kuwa uvimbe huweza kukua ndani bila kuonekana nje. Hupima pia damu kuangalia protini iitwayo alfa-fetoprotini. Protini hiyo huwa nyingi kwa mtoto mchanga, kisha hupungua kadiri anavyokua. Ikipanda tena, uchunguzi wa haraka huhitajika. Majibu ya leo husomwa kwa kulinganishwa na ya jana; kwa hiyo tunza kila karatasi.

Usingoje tarehe ukiona uvimbe karibu na kovu, choo au mkojo kutoka kwa shida, au mguu kulegea. Usikande wala kuchua. Ikiwa Moshi ni mbali, anzia Hospitali ya Bumbuli ukiwa na karatasi zako zote.

Uvimbe uliorudi ukigunduliwa mapema, mara nyingi huweza kutibiwa. Nauli ya kurudi ni sehemu ya matibabu. Ipangie tangu siku ya upasuaji.